Namna ya Kuanzisha Sala ya Jioni Nyumbani

Chagua wakati ambao watoto bado wako macho, yaani mara baada ya chakula cha jioni na kabla vyombo havijaoshwa, kwa sababu mama anayengoja hadi kazi zote ziishe hukuta wadogo wamekwisha kulala. Zima televisheni. Someni mistari michache tu. Zaburi ya 121, yenye mistari 8, yafaa sana kwa kuanzia. Kila mtoto na aombe kwa maneno yake mwenyewe, hata akimwombea kuku wake aliye mgonjwa. Ikiwa siku hiyo umemkaripia mmoja wao kupita kiasi, mwombe radhi kabla ya sala: ni uamuzi mgumu, lakini naamini humfundisha msamaha kuliko mahubiri marefu. Mume akichelewa kazini, anzeni bila kumlaumu.