Hasara ya hisa katika mwaka wa kipato kidogo: namna ya kukokotoa usipoteze salio lako

Kila msimu wa kodi hapa Marekani, tangu mwishoni mwa Januari hadi katikati ya Aprili, ndugu zetu ninaowajazia ritani huniuliza jambo moja: "Niliuza hisa kwa hasara, lakini mwaka wenyewe nilikuwa shuleni, mshahara kiduchu, kodi sikudaiwa. Zile dola 3,000 za hasara si zimeliwa bure?"

Hazijaliwa bure. Kinachotumika ni kile kiasi tu ulichokihitaji ili mapato yako yanayotozwa kodi yafike sifuri. Kilichobaki unakipeleka mwaka unaofuata. Ila IRS, mamlaka ya kodi ya Marekani, haitakukokotolea salio hilo wala kukukumbusha kwamba unalo. Ni juu yako, na programu unayotumia italijua tu ikiwa umeilisha tarakimu sahihi.

Mwongozo huu ni wa wanaojaza Fomu 1040, ritani ya kawaida ya mtu binafsi, yaani raia, wenye green card na wengine wanaohesabiwa kuwa wakazi kwa ajili ya kodi. Mwanafunzi wa viza ya F-1 aliye katika miaka yake mitano ya kwanza kwa kawaida hujaza 1040-NR, fomu ya wasio wakazi, na sheria ya hasara kwake ni kali zaidi. Huyo asifuate hesabu hizi.

Kanuni yenyewe

Faida na hasara za mwaka hupambanishwa kwanza zenyewe kwa zenyewe. Hasara ikizidi, unaruhusiwa kupunguza mapato mengine, kama mshahara, kwa dola 3,000 zisizozidi. Kwa wanandoa wanaojaza kila mtu ritani yake ni 1,500. Kiwango hiki hakijaguswa tangu 1978. Kila kitu kimepanda bei tangu wakati huo, elfu tatu iko pale pale.

Inayozidi hapo inapelekwa mbele bila kikomo cha miaka, ikihifadhi aina yake: ya muda mfupi (mali uliyoimiliki mwaka mmoja au chini) au ya muda mrefu. Mwenyewe akifariki, salio lake linafia hapo. Linaweza kutumika katika ritani yake ya mwisho, pamoja na ile anayoijaza na mwenzi wake kwa mwaka huo, lakini halirithiwi.

Hatua ya 1: Kusanya karatasi, pamoja na za nyumbani

Unahitaji 1099-B (taarifa ya mauzo yako) kutoka kwa dalali wako wa hisa, W-2 ya mshahara, 1099-INT na 1099-DIV za riba na gawio, na ritani ya mwaka uliopita nzima, kurasa zote.

Wengi wetu husahau mali ya nyumbani. Mkazi wa Marekani hutangaza mapato ya dunia nzima, kwa hiyo hisa ulizouza katika soko la Nairobi au Dar es Salaam zinaingia Fomu 8949, inayoorodhesha mauzo ya mali, kama za New York. Bei ya kununua unaigeuza dola kwa kiwango cha siku uliyonunua, ya kuuza kwa kiwango cha siku uliyouza. Tuseme ulinunua hisa za shilingi za Kenya 1,000,000 dola ikiwa 100, ukaziuza kwa 1,000,000 ile ile dola ikiwa 129. Kwa shilingi hukupoteza kitu. Kwa dola uliweka 10,000 ukatoa 7,752: hasara ya 2,248, na ni halali kuidai. Kiwanja ulichonunua kama kitega uchumi ukakiuza kwa hasara nacho kinahesabika. Nyumba uliyokuwa ukiishi mwenyewe haihesabiki.

Hatua ya 2: Jaza Schedule D hadi mstari wa 21

Tufanye mfano mmoja na tuende nao hadi mwisho. Wewe ni mseja, huna watoto, uko chuo cha uuguzi. Mwaka 2024 ulipata mshahara wa 15,500 na riba ya benki 300, jumla 15,800. Uliuza hisa ukapata hasara ya muda mfupi ya 4,000 na ya muda mrefu ya 7,000.

Kwenye Schedule D, jedwali la Fomu 1040 la faida na hasara za kuuza mali, mstari wa 7 ni hasara ya 4,000. Mstari wa 15 ni hasara ya 7,000. Mstari wa 16 unazijumlisha: 11,000. Mstari wa 21 unaweka kikomo cha 3,000, na hizo ndizo zinazokwenda kwenye Fomu 1040.

Hatua ya 3: Tafuta tarakimu ambayo fomu inaificha

Hapa ndipo watu wanapopotezea pesa zao, kwa hiyo twende polepole.

Mapato 15,800, toa hasara 3,000, inabaki 12,800. Makato ya kawaida (standard deduction, kiasi ambacho kila mtu huruhusiwa kutoa kwenye mapato kabla ya kodi) kwa mseja mwaka 2024 yalikuwa 14,600. Ukitoa unapata hasi 1,800. Lakini mstari wa 15 wa Fomu 1040 hauruhusu hasi: unaandika sifuri. Mtu akiiona ile sifuri hudhani hesabu imekwisha, anatoa 3,000 kwenye 11,000 na kuandika kwamba amebakiwa na 8,000.

Chukua penseli uandike pembeni ile tarakimu halisi: hasi 1,800. Bila hiyo hatua inayofuata haiendi.

Hatua ya 4: Karatasi ya kukokotolea salio

Imo ndani ya maelekezo ya Schedule D, inaitwa Capital Loss Carryover Worksheet. Kupata salio linalotoka 2024 kwenda 2025 unaijaza ile iliyo katika maelekezo ya 2025, kwa tarakimu za ritani ya 2024.

Mstari wa 1: mapato yanayotozwa kodi, na kama yangekuwa hasi unayaandika hasi. Weka hasi 1,800.

Mstari wa 2: hasara ya mstari wa 21 wa Schedule D, ikiandikwa kama tarakimu chanya. Weka 3,000.

Mstari wa 3: unganisha hizo mbili. 1,200. Kama jibu lingekuwa sifuri au chini, ungeandika sifuri.

Mstari wa 4: ile ndogo kati ya mstari wa 2 na wa 3. Ni 1,200.

Hiyo 1,200 ndiyo hasara uliyoitumia kweli. Hakiki kwa njia ya mkato: bila hasara yoyote ungebaki na 15,800 kutoa 14,600, yaani 1,200 za kutozwa kodi. Ulihitaji kufuta 1,200 tu, na ndizo zilizofutwa.

Mistari inayobaki inagawa salio kwa aina yake, na hasara ya muda mfupi ndiyo inayotumika kwanza. Mstari wa 5 ni 4,000. Ukitoa 1,200 unapata 2,800 kwenye mstari wa 8, salio la muda mfupi. Ile ya muda mrefu haikuguswa: 7,000 kwenye mstari wa 13.

Jumla 9,800, si 8,000. Zile 1,800 za tofauti zimeokolewa na tarakimu uliyoiandika pembeni kwa penseli.

Hatua ya 5: Hamisha

Katika Schedule D ya 2025, 2,800 inaingia mstari wa 6 na 7,000 mstari wa 14. Kama unabadilisha programu mwaka huo, usiamini kwamba salio limejihamisha. Fungua mistari hiyo miwili uione kwa macho yako.

Mtego wa faida

Ulinzi niliouonyesha juu unahusu zile 3,000 zinazopunguza mapato mengine peke yake. Faida ya mtaji, yaani ya kuuza mali kama hisa, haina ulinzi huo. Ukipata faida yoyote, salio linaifuta dola kwa dola hata kama kodi yake ingekuwa sifuri.

Endelea na mfano. Mwaka 2025 mshahara ulishuka hadi 9,000 na hukuuza kitu, lakini mfuko wa uwekezaji wa pamoja uliomo ulikugawia faida ya mtaji ya 2,000. Iko kwenye kisanduku cha 2a cha 1099-DIV. Mstari wa 15 unakuwa 7,000 kutoa 2,000, yaani hasara ya 5,000. Makato ya kawaida ya mseja mwaka 2025 yalikuwa 15,750, mapato yako yako chini kabisa, kwa hiyo karatasi ya kukokotolea inatoa sifuri kwenye mstari wa 4: zile 3,000 zimerudi kwako zote. Lakini 2,000 zimeshaliwa na faida ambayo haingetozwa hata senti. Unapeleka mbele 2,800 na 5,000.

Ndiyo maana siwashauri wenye salio la hasara wauze hisa zenye faida katika mwaka wa kipato kidogo. Utasikia watu wakisifu kiwango cha asilimia 0 cha faida ya muda mrefu, ambacho mwaka 2025 kilifika hadi mapato yanayotozwa kodi ya 48,350 kwa mseja. Ni kizuri kwa asiye na salio. Wewe mwenye salio unachoma hasara yako kufuta kodi isiyokuwepo. Subiri uajiriwe: ukiuza kwa faida ya muda mrefu ya 6,000 mwaka mshahara wa uuguzi umeanza kuingia, salio la 7,800 litaifuta yote, na 1,800 zitakazobaki zitapunguza mshahara wenyewe.

Wala huwezi kuamua kuruka mwaka. Usipojaza ritani kwa sababu kipato hakikufikia kiwango cha kulazimika, hesabu inakwenda kana kwamba ulijaza. Mimi husema jaza tu, kumbukumbu iwepo.

Bima ya afya

Hasara ya 3,000 hupunguza pia mapato rekebishi (AGI, mapato kabla ya kutoa makato ya kawaida), mstari wa 11 wa Fomu 1040, hata pale karatasi inapokurudishia yote. Kwa aliye katika jimbo kama Texas, ambalo halikupanua Medicaid, bima ya serikali kwa wenye kipato kidogo, hilo linaweza kuuma. Ruzuku ya bima kwa mwaka 2024 kwa kawaida ilihitaji mtu mmoja awe na angalau 14,580. Katika mfano wetu 15,800 inavuka, 12,800 haivuki. Kama ulikadiria kwa uaminifu wakati wa kujiandikisha na ruzuku ikaanza kulipwa, kwa kawaida huadhibiwi kwa kushuka baadaye. Lakini ukiwa na salio unajua mapema kwamba mwakani kuna hasi 3,000, basi liweke kwenye makadirio. Mwenye akiba katika IRA ya kawaida (akaunti ya akiba ya uzeeni ambayo kodi yake hulipwa unapotoa fedha) anaweza kuhamishia sehemu kwenye Roth, ambayo kodi yake hulipwa mwanzoni, ili kuongeza mapato. Katika mwaka kama huo kodi yake huwa ndogo au haipo.

Majimbo

Texas haitozi kodi ya mapato, huko hili halikuhusu. California ina hesabu yake ya salio, itunze kando na ya IRS. New Jersey na Pennsylvania hazipeleki hasara mbele hata kidogo. Mwaka ukiisha, imeisha.

Kama miaka iliyopita ilikosewa

Rudi hadi mwaka hasara ilipotokea, hata ukiwa wa zamani, ujaze karatasi ya kukokotolea ya kila mwaka kwa mpangilio hadi leo. Salio sahihi ndilo unaloingiza katika ritani inayofuata. Na ikiwa katikati kuna mwaka uliolipa kodi kwa sababu salio liliandikwa dogo kuliko lilivyokuwa, wasilisha 1040-X, fomu ya kurekebisha ritani. Dai la kurudishiwa fedha kwa kawaida hukubaliwa ndani ya miaka mitatu tangu ulipowasilisha ritani yenyewe, kwa hiyo anza na ule unaokaribia kufungwa.