Likizo ya Mwanafunzi wa Urubani Isiangukie Julai
Ikiwa umeajiriwa Nairobi huku ukisomea urubani wa kibiashara, usiombe likizo yako ya mwaka mwezi wa Julai. Kuanzia Juni hadi Agosti mawingu hutanda chini juu ya jiji asubuhi nyingi, na mwanafunzi anayeruka kwa kutazama nje anaweza kukaa Uwanja wa Wilson, amekwisha kuikagua ndege na kupima mafuta, hadi saa nne au saa tano kabla anga haijafunguka. Siku 21 za kazi ambazo sheria inakuhakikishia ni chache mno kupotezwa hivyo. Zichukue Januari au Februari, kunapokuwa kukavu, uruke siku mfululizo, kwa maana mkono wa kutua husahau upesi masomo yakiachana kwa majuma matatu.

Hata katika miezi hiyo, omba nafasi ya asubuhi na mapema. Wilson uko zaidi ya futi 5,500 juu ya usawa wa bahari, na jua likishapasha hewa, ndege ndogo ya injini moja hukimbia mbali zaidi kabla ya kunyanyuka, kisha hupanda polepole.

Miezi ya baridi isomee nadharia jioni, baada ya kazi. Na kabla ya kulipa karo yoyote, nakusihi upimwe upate cheti cha afya cha daraja la kwanza, kwani bila hicho huwezi kurusha ndege kibiashara, hata ukitimiza saa zote za kuruka zinazotakiwa.