Namna ya Kunufaika na Huduma za Maktaba ya Umma

Watu wengi huiona maktaba ya umma kuwa ni mahali pa wanafunzi wanaojiandaa na mitihani, kwa hiyo wakishamaliza shule hawakanyagi tena. Ilani ya Maktaba za Umma, ambayo UNESCO iliitoa kwa mara ya kwanza mwaka 1949 na ambayo toleo lake la karibuni, la mwaka 2022, lilitolewa kwa pamoja na IFLA, yaani shirikisho la kimataifa la vyama na taasisi za maktaba, inasema vingine kabisa: huduma hizi ni haki ya kila mtu bila kujali umri, dini, jinsia, lugha wala hali ya maisha, na kimsingi zinapaswa kutolewa bila malipo. Tatizo ni kwamba sehemu kubwa ya huduma hizo haionekani kwa anayepita tu kati ya rafu. Hupatikana kwa kuuliza, tena kwa kujua namna ya kuuliza.

Kujiandikisha hakuna ugumu. Kwa kawaida utahitaji kitambulisho na uthibitisho wa mahali unapoishi, na mtoto huandikishwa na mzazi au mlezi wake. Siku hiyohiyo ulizia idadi ya vitabu unavyoruhusiwa kuazima, muda wa kukaa navyo, namna ya kuongezewa muda huo, na utaratibu wa kufuata endapo kitabu kitapotea. Ikiwa bado hujakamilisha uanachama, usirudi nyumbani mikono mitupu, kwa kuwa maktaba nyingi humruhusu mtu yeyote kuketi na kusoma humo ndani.

Ukiwa mbele ya rafu, namba zilizobandikwa kwenye migongo ya vitabu ndizo zitakazokuongoza. Maktaba nyingi za umma duniani hutumia mfumo wa Melvil Dewey, uliochapishwa mwaka 1876, unaogawa maarifa yote katika makundi makuu kumi kuanzia 000 hadi 900. Tiba iko 610, kilimo 630, sheria 340, na mifugo iko 636, ambapo vitabu vya kuku huanzia 636.5. Jambo linalowapoteza wengi ni desimali: 636.12 hutangulia 636.5, kwa sababu tarakimu zilizo baada ya nukta husomwa mojamoja, si kama namba nzima. Ukishakipata kitabu kimoja kinachokufaa, tazama vilivyo kushoto na kulia kwake, maana vimewekwa pamoja kwa makusudi. Hata hivyo, rafu moja haimalizi somo. Mfugaji anayetaka kujua namna ya kuendesha mradi wake kibiashara atalazimika kwenda pia 658, penye vitabu vya uendeshaji wa biashara.

Hapo ndipo mkutubi anapohitajika, na kwa maoni yangu yeye ndiye huduma yenye thamani kuliko zote zilizomo maktabani, ingawa ndiye anayetumiwa kidogo zaidi. Watu humwendea na swali pana kuliko haja yao. Mtu huuliza, "Mna vitabu vya sheria?" ilhali anachotaka kujua ni kama mwenye nyumba anaweza kumtoa mpangaji bila kumpa notisi. Swali la kwanza litamfikisha kwenye rafu nzima ya vitabu vizito; la pili litamfikisha kwenye ukurasa. Basi eleza unataka kufanya nini na taarifa hiyo, unaihitaji lini, umeshatafuta wapi, na ungependa kusoma kwa lugha gani. Mkutubi hatakupimia ugonjwa wala kukupa ushauri wa wakili, lakini atakuonyesha chanzo cha kuaminika na kukueleza namna ya kukisoma. Ikiwa jambo lenyewe ni la siri, omba mzungumze pembeni bila kuona haya, kwani kanuni za maadili za IFLA za mwaka 2012 zinawataka wakutubi kutunza faragha ya watumiaji wao.

Kitabu kikikosekana, usiishie hapo. Uliza kama kimeazimwa na unaweza kuwekewa kitakaporudi, kama kinaweza kuletwa kutoka maktaba nyingine, na kama kuna fomu ya kupendekeza vitabu vya kununuliwa.

Kwa wenye watoto wadogo, kipindi cha hadithi ni cha kufuatilia kwa bidii. Usimwache mtoto mlangoni ukaenda zako. Keti naye, sikiliza anachokicheka na anachokiuliza, kisha azimeni kitabu kinachohusiana na hadithi hiyo mkaisome tena nyumbani. Faida kubwa iko katika kurudia huko. Kwa watu wazima, ulizia madarasa ya kusoma na kuandika, mafunzo ya kompyuta na msaada wa kuandika barua za kuomba kazi, na ujiandikishe mapema kwa sababu nafasi huwa chache. Unapotumia kompyuta ya maktaba, usikubali ihifadhi nywila yako, futa mafaili uliyopakua, na uhakikishe umetoka kwenye akaunti zako zote kabla ya kunyanyuka.

Asiyeona vizuri naye ana haki ya kusoma. Ulizia vitabu vya maandishi makubwa, vya sauti na vya nukta nundu, yaani maandishi yanayosomwa kwa kupapasa kwa vidole. Mkataba wa Marrakesh wa mwaka 2013, ulioanza kutumika mwaka 2016, unaziwezesha nchi zilizojiunga nao kutengeneza nakala za namna hiyo na kupelekeana bila kukiuka hakimiliki, kwa hiyo kitabu kisichokuwepo hapo huenda kinaweza kuagizwa kutoka nje.

Na kama programu mnayoihitaji, yaani darasa au kipindi fulani, haipo, mwandikieni mkuu wa maktaba. Barua ya malalamiko ya jumla ni rahisi kuwekwa kando. Tajeni walengwa ni akina nani, mko wangapi, siku na saa zinazowafaa, nani atakayefundisha au kuongoza, na vifaa gani mtakuja navyo wenyewe. Kisha ombeni ukumbi kwa kipindi kifupi cha majaribio, na tangu mkutano wa kwanza mtunze orodha ya mahudhurio, kwa kuwa ndiyo mkuu huyo atakayoitumia kuomba bajeti ya kuiendeleza.