Kabla ya Kupanda Basi la Dar: Mgonjwa wa Saratani na Hatari ya Damu Kuganda

Mgonjwa anayetoka Mbeya kwenda Taasisi ya Saratani Ocean Road anakaa kwenye kiti cha basi zaidi ya kilomita 800. Maandalizi huwa ni nauli, barua ya rufaa na nyumba ya kufikia. Miguu husahaulika, na hatari kubwa ya safari hiyo imo miguuni.

Saratani yenyewe huifanya damu igande upesi, kwa sababu uvimbe humwaga kwenye damu vitu vinavyochochea mgando. Hatari huongezwa na kemo (dawa kali za kuua saratani), upasuaji, vidonge vya tamoksifeni vya saratani ya matiti, mpira wa dawa ulioachwa mshipani na kulala kitandani siku nyingi. Wenye saratani ya kongosho, tumbo, mapafu, ubongo au ovari wamo hatarini zaidi, na miezi ya mwanzo baada ya ugonjwa kugundulika ndiyo ya kuangaliwa sana. Mtu wa namna hii akikaa saa nyingi amekunja magoti, damu inatuama. Donge likijengeka kwenye mshipa wa ndani wa mguu, kipande kinaweza kukatika, kikapanda hadi mapafuni na kuziba njia.

Kwa hiyo siku mbili tatu kabla ya safari, pima miguu. Futi ya fundi cherehani inatosha. Tafuta kile kinundu cha mfupa chini ya goti, shuka sentimita 10, zungusha futi kwenye shavu la mguu bila kubana, andika. Fanya vivyo hivyo mguu wa pili. Tofauti ikizidi sentimita 3, safari isubiri: nenda Hospitali ya Rufaa ya Kanda Mbeya, au ya mkoa ulipo, mshipa upigwe ultrasaundi. Hata tofauti ikiwa ndogo, mguu mmoja ukiuma, ukijaa au ukiwa na joto, nenda. Kwenye ngozi nyeusi wekundu hauonekani vizuri; gusa miguu yote miwili kwa mgongo wa kiganja ulinganishe.

Tafadhali, mguu huo usichuliwe. Wengi huambiwa ni baridi ya Makete, au kwamba wamekanyaga kitu kibaya, kisha wanakandwa na kuchuliwa kwa mafuta. Kuchua kunaweza kuling'oa donge.

Kliniki, uliza waziwazi: "Daktari, nahitaji dawa ya kuzuia damu kuganda?" Si kila mgonjwa anapewa, maana kemo hushusha chembe sahani, zile zinazosaidia damu kuganda, na uvimbe mwingine huvuja damu. Ndiyo maana usijianzishie aspirini. Anayetumia sindano za enoksaparini, dawa ya kuzuia damu kuganda, ahesabu za siku zote za safari na aongeze za akiba. Ziwe kwenye mkoba wa mkononi, zisiwekwe kwenye buti la basi: ukishateremka Kitonga, baridi ya Iringa imekwisha na joto ni kali. Huchomwa kwenye ngozi ya tumbo, sentimita 5 kutoka kitovuni, bila kutoa kile kipovu cha hewa na bila kusugua baadaye. Ukiwa kwenye dawa hizi, usinunue diklofenaki wala ibuprofeni dukani bila daktari kujua. Zinaongeza hatari ya kutoka damu.

Maji ndiyo vita kubwa. Mgonjwa hunyimwa maji, au hujinyima, kwa kuogopa kuchimba dawa njiani. Mweleze kondakta mapema kabisa kwamba mna mgonjwa, mchukue kiti cha upande wa njia, na anywe kidogo kidogo. Kila nusu saa anyanyue visigino mara 20, kisha vidole mara 20. Basi likisimama, ashuke atembee, hata kama hana njaa.

Akibanwa pumzi ghafla, kifua kikachoma anapovuta hewa, akakohoa damu au akazimia, msisubiri kufika Dar. Shukeni hospitali iliyo karibu, iwe Makambako, Mafinga, Iringa au Morogoro, na neno la kwanza mapokezi liwe: "Ana saratani, tunahofia damu imeganda mapafuni." Bila kulisema hilo, anaweza kutibiwa nimonia.

Karatasi yenye vipimo vya miguu isitupwe baada ya kurudi. Mguu unaweza kuvimba wiki kadhaa baada ya safari, kwa hiyo pima tena kila wiki kwa mwezi mzima, palepale, kwa futi ileile.