Somo: Pakiti zipo kwenye bafa ya duara, lakini msomaji hajaamshwa

Mfano wetu ni driva (programu zinazoendesha vifaa) za Linux ndani ya mashine pepe ya Hyper-V, mfumo wa Microsoft wa kuendesha mashine pepe. Mgeni (mashine pepe) na mwenyeji (mfumo unaoiendesha) hupeana pakiti kupitia bafa, yaani kumbukumbu ya pamoja iliyopangwa kama duara. Anayeandika husogeza write_index (alama ya alipofikia), anayesoma husogeza read_index. Zikilingana, bafa ni tupu. Kumwamsha mwenyeji ni gharama, kwa hiyo mgeni hutuma ishara pale tu bafa iliyokuwa tupu inapopata pakiti. Ishara hiyo moja ikipotea, bafa si tupu tena, na pakiti zinazofuata hazimwamshi mtu. Mtandao unakatika kimya, logi haina kosa lolote.

Hatua ya 1: Hakikisha ugonjwa ni huu. Chini ya /sys/bus/vmbus/devices ingia kwenye kifaa chako, soma out_write_index, out_read_index na out_intr_mask (mask ya msomaji: 0 maana yake anataka kuamshwa, 1 hataki), kisha usome tena baada ya sekunde chache. Ukikuta kuandika kumetoka 4096 hadi 4224, kusoma kumeganda 4096 na mask ni 0, msomaji amelala akisubiri kuamshwa.

Hatua ya 2: Kagua mpangilio wa mwandishi. Kwa ufupi uwe hivi (old_write ni write_index kabla ya kuandika, interrupt_mask ni ile mask ya Hatua ya 1):

write_index = mpya;
virt_mb();
if (interrupt_mask) return;
if (old_write == read_index) tuma_ishara();

Hiyo virt_mb() ni kizuizi cha kumbukumbu: humlazimu prosesa amalize kuandika kabla ya kusoma kinachofuata. Ndicho kinachosahaulika. Na read_index isomwe upya baada yake. Usitumie thamani uliyoisoma wakati unatafuta nafasi ya kuandika, maana msomaji huenda ameshasogea.

Hatua ya 3: Upande wa kusoma, ukimaliza pakiti weka interrupt_mask kuwa 0, pitisha virt_mb(), halafu hesabu tena kilichobaki. Kama kipo, funga mask urudi kusoma.

Hatua ya 4: Pima kwa netperf (programu ya kupima mtandao) kwa jaribio la TCP_RR, la ombi na jibu moja moja, si kwa kumwaga data mfululizo. Mzigo mzito huficha kosa kwa sababu bafa haiwi tupu mara kwa mara.

Nawasihi, msiweke taima ya kuamsha kila sekunde. Mtumiaji atabaki na mashine inayokwama sekunde nzima, na atakayerithi msimbo wa programu hatajua kwa nini.

MASWALI

Swali: Kaka, mimi natumia prosesa ya x86 (aina ya Intel na AMD). Si huko mpangilio wa kumbukumbu unalindwa?

Jibu: Unalindwa, ila si wote. Hata x86 inaweza kusoma sehemu nyingine kabla maandishi yako hayajatoka kwenye bafa ya ndani ya prosesa. Unasoma mask ya zamani ilhali msomaji naye anaona index ya zamani. Kizuizi kinachopanga maandishi tu hakitoshi, weka kizuizi kamili, yaani virt_mb().

Swali: Kwa nini tusitume ishara kila pakiti, yaishe?

Jibu: Fanya hivyo kama kipimo tu. Kukwama kukikoma, mshukiwa mkuu ni sharti lako la kutuma ishara. Kisha uitoe, itakula prosesa.

Swali: Nimerekebisha, shukrani. Sasa mwenyeji ndiye anakwama kuniandikia bafa ikijaa.

Jibu: Dada, hapo angalia pending_send_sz. Mwenyeji akikosa nafasi huandika humo anahitaji baiti ngapi. Ukishasogeza read_index, pitisha virt_mb(), isome. Kama si 0, na nafasi ilikuwa haitoshi kabla hujasoma na sasa inatosha, mtumie ishara.