Insha ya Baraza la Usalama? Anza na kikao chenyewe
Mnaosoma mahusiano ya kimataifa, ukipewa insha kuhusu azimio lolote la Baraza la Usalama usikimbilie magazeti kwanza, ingia maktaba ya kidijitali ya UN utafute kumbukumbu za kikao, hizo namba zake zinaanza na S/PV (azimio lenyewe ni S/RES), na ni bure. Mfano Libya 2011, azimio namba 1973 (lililoruhusu nguvu za kijeshi kulinda raia): kura 10 za ndiyo, hapana hakuna, nchi 5 zikajizuia, yaani Urusi, China, India, Brazil na Ujerumani. Kwenye habari wanaonekana kundi moja tu, lakini fungua S/PV.6498 uone, Ujerumani inahofia watu wengi kufa vita vikianza, China inalalamika maswali yake hayajajibiwa ila inajali msimamo wa Waarabu na Waafrika. Hapo hoja ya kulinganisha ushaipata bila jasho. Sasa kumbuka, hizo ni sababu za hadharani, balozi anajua anarekodiwa, na mashauriano ya faragha hayaandikwi humo, so swali likiwa walitaka nini hasa, hii peke yake haitoshi.