SOMO: Pora au tembe? Kutambua jinsia ya kifaranga kabla hajawika

Habari zenu wafugaji wa kuku. Swali la "huyu ni dume au jike?" halikosekani kundini, na picha inayoambatana nalo karibu kila mara ni ya kifaranga mmoja, kapigwa kwa juu, bandani giza. Hapo hata fundi atabahatisha tu. Leo naliandika somo zima.

Nianze na kosa langu. Nilipokuwa mgeni wa kufuga nilimchinja "pora" (jogoo mchanga) wa karibu miezi minne, kisa miguu minene na ugomvi wa kunyang'anya wenzake chakula. Nilipompasua nikakuta kishada cha chembechembe kama mtama kimejibanza upande wa kushoto wa uti wa mgongo: mayai machanga. Kumbe ni tembe, jike mchanga aliyebakiza wiki chache atage, nimemgeuza mchuzi. Dalili ilikuwa wazi mgongoni kwake wala sikuitazama. Nitaifikia.

Hatua ya 1: Weka alama, kisha linganisha ndugu

Kifaranga mmoja peke yake hasemi kitu. Umuhimu ni kumweka karibu na wenzake wa uzao mmoja, walioanguliwa siku moja. Undu (ile nyama iliyosimama kichwani) wa wiki ya sita unaweza kuonekana mkubwa mpaka utakapouona wa kaka yake.

Mfunge kila mmoja uzi wa rangi yake mguuni, au mpake rangi ya kucha kwenye ukucha. Uzi ulegeze na ukague kila wiki, maana mguu unanenepa haraka na uzi uliobana hukata ngozi. Daftari liwe na mistari miwili mitatu tu: rangi ya uzi, tarehe, ulichoona.

Hatua ya 2: Siku ya kwanza na ya pili, bawa

Mshike kifaranga kiganjani, fungua bawa taratibu kama unavyofungua upepeo, lielekeze kwenye mwanga. Utaona safu mbili za vinyoya: ile ya chini yenye manyoya ya kurukia, na ya juu inayoifunika. Kwa majike safu ya chini huwa ndefu waziwazi, moja ndefu moja fupi. Kwa madume zinalingana, au ya juu inaizidi ya chini.

Sasa sikiliza vizuri, maana hapa ndipo wengi wanapodanganyana. Kipimo hiki hufanya kazi kwa vifaranga waliopangwa hivyo tangu kwa wazazi tu: baba wa ukoo unaoota manyoya upesi, mama wa ukoo unaochelewa. Kwa kuku waliochanganyika wenyewe uwanjani, bawa litakuambia nani anawahi kuota manyoya, basi. Na hata kwa waliopangwa, baada ya siku mbili tatu manyoya yanafikiana na kipimo kimekwisha.

Hatua ya 3: Wiki ya 4 hadi ya 8, undu na ndevu

Kwa kuku wa undu mmoja uliosimama kama msumeno, dume huanza kuutoa mapema, mpana kwenye shina, na unakolea wekundu. Ndevu za chini ya mdomo nazo hujitokeza. Jike wa umri huohuo undu wake huwa mdogo, wa manjano au waridi hafifu. Ukiona wiki ya sita undu mwekundu kweli na wenzake bado weupe, andika "dume" kwa penseli. Nimesema penseli.

Madume pia huchelewa kuvaa. Utamkuta dada ana mgongo na mkia umefunikwa, kaka yake bado ana mabaka ya ngozi mabegani na mkia ni kishina tu.

Hatua ya 4: Wiki ya 10 hadi ya 14, mgongo

Hii ndiyo dalili ninayoiamini kuliko zote, na ndiyo niliyoiruka siku ile. Mkamate jioni akiwa ametulia. Mlaze mapajani, mpapase kuanzia shingoni kwenda mkiani, usimame pale kabla tu ya mkia. Ng'oa kwa macho, si kwa mkono, unyoya mmoja: uinue kwa kidole uone ncha yake.

Jike: ncha ni ya mviringo, kama ukucha wa kidole gumba. Dume: manyoya mapya ni membamba, marefu, yanang'aa, ncha imechongoka kama jani la nyasi, na yanaanza kuning'inia kiunoni pande zote mbili. Baadaye shingo nayo inavaa hivyohivyo, na mkiani yanachomoza manyoya yaliyojipinda kama mundu. Ukiona hata matatu manne ya kuchongoka kiunoni, chukua kalamu, futa penseli.

Hatua ya 5: Sauti na tabia

Za kuongezea tu. Wapo wanaojaribu kuwika wiki ya nane kwa sauti ya mlango usiotiwa mafuta, wapo wanaonyamaza hadi mwezi wa tano. Ubabe, kifua mbele, kurukiana: majike nayo hufanya wakipangana nani mkubwa. Mimi nimeshalipia somo hilo.

MASWALI YA WANACHAMA

Swali: Shikamoo mwalimu. Bibi yetu alikuwa akichagua mayai ya kuatamiwa, yenye ncha kali anasema ni majogoo, ya mviringo mitetea. Ni kweli?

Marahaba. Bibi apewe heshima yake, lakini hapana. Umbo la yai hutokana na njia ya uzazi ya kuku anayetaga, ndiyo maana mtetea mmoja hutaga mayai yanayofanana umbo na bado akatoa vifaranga wa jinsia zote. Kwa kuku mama ndiye anayeamua: jogoo ana kromosomu za ZZ, mtetea ZW. Kifaranga akirithi W kwa mama yake ni jike.

Swali: Mkuu, nikibadili joto la mashine ya kutotolea nitapata majike wengi?

Hiyo ni habari ya mamba na kasa. Kwa kuku jinsia imeshapangwa kabla yai halijatagwa. Ukichezea joto utaua vijusi tu. Mashine yenye feni iache kwenye nyuzi 37.5.

Swali: Nimeona video mtu anambinya kifaranga anaangalia tundu la haja, anawatenga kwa kasi ya ajabu. Nijaribu?

Usijaribu, ndugu yangu. Ufundi huo ulianzia Japani miaka ya 1920, na mafundi wake husoma kwa muda mrefu kwa kushika maelfu ya vifaranga. Kinachotafutwa ni kipele kidogo mno, na baadhi ya majike nao wanacho. Mkono usiozoea humjeruhi kifaranga ndani, na jibu utakalopata ni la kubahatisha.

Swali: Nilinunua vifaranga wa siku moja, muuzaji akasema wa kahawia wote ni majike na weupe ni madume. Alikuwa ananiuzia maneno?

Inawezekana kabisa ni kweli, dada. Kuna michanganyiko ambayo rangi hufuata jinsia. Mfano mwingine ni jogoo wa Rhode Island Red juu ya mtetea wa Barred Plymouth Rock mwenye mistari: madume huanguliwa weusi wenye doa jeupe kisogoni, majike hawana doa hilo. Mama humpa mtoto wa kiume tu ile kromosomu Z inayobeba mistari. Ila ukiwazalisha hao vifaranga wenyewe kwa wenyewe, mpango unavurugika. Usitegemee rangi kwa wajukuu.

Swali: Mimi nina Silkie. Manyoya yao kama pamba, hakuna kuchongoka wala mviringo. Nifanyeje?

Pole, hao ni mtihani hata kwa wazoefu. Angalia kishungi: cha jike hujikusanya kama mpira, cha dume hutoa vinyoya vinavyolala kurudi nyuma. Mara nyingi utasubiri mpaka awike au atage. Kama una haraka sana, maabara hupima vinasaba kutoka kwenye unyoya. Sebright nao ni walewale wa kukuchanganya, majogoo wao wana manyoya ya ncha ya mviringo kama mitetea.

Swali: Mtetea wangu mzee ametaga miaka yote, sasa ameacha, ameota vipi (ile miiba ya jogoo) miguuni na juzi kawika! Kuna mkono wa mtu?

Hakuna mkono wa mtu. Kwa kawaida mtetea hutumia ovari moja tu, ya kushoto. Ikiharibika kwa ugonjwa au uzee, homoni za kike hushuka na dalili za kiume huchomoza. Vipi peke yake visikutishe, mitetea wengi wazee huviota.

Swali: Wangu ana wiki saba, undu wa waridi, si mwekundu si mweupe. Wenzake nimeshawagawa. Picha hiyo hapo. Jumamosi nina wageni, nimchinje?

Picha ni ya uso, na ndugu zake wa kulinganisha hawapo. Wageni watafutie kitoweo kingine. Mfunge uzi, unirudie wiki ya 12 na picha ya kiuno.